Kitasa Cheupe cha Chumba cha Mwari

Njoo nikwambie, mwanangu, wewe unayejenga au unayetia nia ya kujenga. Najua macho yako yako kwenye bati na rangi ya ukuta, na vitasa vya milango ya ndani umeviacha viwe vya mwisho, uje uvichague juu juu. Hata mimi nilivichagua juu juu. Nakumbuka alasiri moja ya miaka ya hamsini, Kariakoo, nikiwa mwari wa kuolewa, jinsi kitasa kimoja kilivyotaka kuniharibia harusi.

Baba alikuwa amebomoa nyumba yetu ya miti na udongo, karibu na Msimbazi, akajenga ya saruji. Nyumba ya Kiswahili kama hizi unazozijua: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani, penye jiko na choo. Zamani vyumba vyetu vilikuwa na mapazia tu. Sasa vilipata milango ya mbao, na mlango haukosi kitasa. Baba akanichukua hadi duka la Mzee Saleh, Mwarabu wa Kishihiri aliyeuza misumari, bawaba na vifaa vyote vya ujenzi. Akaniambia, "Kitasa cha mlango wa mbele nimekwisha chagua mimi. Vya ndani chagua wewe, viwe ukumbusho wako kabla hujatutoka."

Mzee Saleh akatupangia mezani vitasa vya aina mbili. Vya kwanza vilikuwa vya mkono: chuma cheusi kilicholala, ukikibonyeza chini mlango unafunguka. Vya pili vilikuwa vya mviringo, vya kaure nyeupe, laini kama yai lililomenywa. Hivyo havibonyezwi, sharti ukikamate kwa vidole, ukizungushe. Mimi sikufikiria kubonyeza wala kuzungusha. Niliona weupe tu.

"Hivi hapa, Baba."

"Umevijaribu?"

"Kitasa nacho kinajaribiwa, Baba? Kwani kofia?"

Mzee Saleh akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Mchukulie tu, bwana. Binti akishapenda, baba hana kauli."

Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini nani husikia methali akiwa na kitu cheupe mkononi?

Ikafika siku ya hina. Somo yangu, Bi Mwanaidi, mwanamke mnene mwenye vidole vyepesi, alinikalisha chumbani akanipaka na kunichora tangu adhuhuri, kisha akanifunga mikono yote miwili kwa vitambaa, ikawa minene kama mabumunda, yale madonge ya unga.

"Usiguse kitu," akaniambia. "Mama mkwe wako anatoka Buguruni na watu wake kuja kutazama mikono hii. Hina ikivurugika, maneno yatafika Buguruni kabla wao hawajarudi."

Akaufunga mlango ili vumbi lisiingie, akaenda uani kwenye ngoma.

Tatizo, mwanangu, ni madafu. Kila shangazi aliyekuwa amepita kunitazama alininywesha dafu kwa mkono wake: "Kunywa, mwari, moyo upoe." Nikanywa, na moyo ukapoa kweli. Lakini muda si muda, madafu yakaanza kuulizia njia ya kutokea.

Nikaenda mlangoni. Nikalishika lile yai kwa mabumunda yangu mawili, likateleza. Nikajaribu kwa kiwiko, likateleza. Nikajaribu kwa kidevu. Mguu nao nikauinua, nusura nianguke chali. Kitasa cha mviringo hakijali kusukumwa. Kinataka vidole, na vidole vyangu vilikuwa vimefungwa. Nikivifungua, hina inavurugika, na wakwe wako njiani. Nisipovifungua... haya, wewe ni mtu mzima.

Utaniuliza, si ungepiga kelele? Mwari hapigi kelele, mwanangu. Angesikiwa na mtaa mzima, wakasema hana haya. Ila kuimba hakukukatazwa. Basi nikaweka mdomo kwenye tundu la ufunguo, nikafuata mdundo wa ngoma yao:

*Nifungulieni jama, mlango wanigomea,*
*Madafu yamesimama, mlangoni yangojea.*

Uani pakalipuka vigelegele. "Lo! Mwari ana maneno huyu!"

"Mlango gani huo unaogoma, mwari?"

"Subiri aje mwenye ufunguo, mama, utafunguka wenyewe!"

Wakaudaka wimbo, wakaanza kuuitikia na kuuchezea. Walidhani nimefumba mambo ya chumbani. Ndiyo taabu ya lugha yetu tamu: ukisema mlango ukimaanisha mlango, hakuna anayekuamini. Kadiri nilivyozidi kuomba, ndivyo walivyozidi kuitikia, na Bi Mwanaidi ndiye aliyewaongoza.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kumbe mama mkwe, Bi Tatu, alikuwa ameshaingia ukumbini na watu wake. Mimi naye tulikuwa hatujaonana uso kwa uso. Nikamsikia akisimama mbele ya mlango wangu.

"Nyie, huyu anaimba au analia?"

"Anaimba, Bi Tatu! Ana mafumbo huyo!"

"Fumbo gani linalotikisa mlango?"

Akakishika kitasa. Kiganja chake kilikuwa na jasho la njia, kikateleza. Akakishika tena kwa pindo la khanga, akakizungusha, na mlango ukafunguka. Mimi huyo! Nilimpita mama mkwe kama mshale, mikono juu, huku nikisema, "Shikamoo mama!" Marahaba yake ilinikuta uani. Ngoma ikanyamaza. Bi Mwanaidi akanifuata mbio kunisaidia, na yaliyobaki ni siri yangu na yake.

Niliporudi nilitembea kwa madaha, kana kwamba hakuna kilichotokea. Wanawake walikuwa hoi chini kwa kicheko, wameshaelewa fumbo. Bi Tatu hakucheka. Alinikalisha, akavifungua vitambaa kimoja kimoja, akaigeuza mikono yangu huku na huku. Hina ilikuwa nzima, haikukosa hata ua moja.

"Jamani," akasema, "mwanamke aliyeweza kuyazuia madafu yote yale asiniharibie hina, hatashindwa kuuzuia ulimi. Huyu namchukua."

Vigelegele vya hapo, nadhani vilisikika Jangwani.

Kisha akanishika bega, akanirudisha mlangoni. "Nani amechagua kitasa hiki?"

"Mimi, mama."

"Kizuri. Siku unakichagua, mikono yako ilikuwa imebeba nini?"

"Haikubeba kitu, mama."

"Basi umemchagulia mgeni. Mwenye nyumba mikono yake huwa mitupu lini? Leo hina, kesho unga, keshokutwa mtoto huku na sinia huku. Kitasa cha mlango wa mbele na kipendeze. Cha ndani kikuhurumie."

Baba alivirudisha vile vyeupe dukani, akaweka vya mkono. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipita na sinia la wali, anabonyeza kwa kiwiko, huyo ameingia, na kila mara alinitaja kwa wema. Nami nyumbani kwa mume wangu sikuweka vya aina nyingine.

Nasaha yangu, mwanangu, ni hiyo. Kitu cha ndani usikichague kwa macho peke yake, kwa kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wafikirie watakaokishika: mzee ambaye vidole vimeanza kukakamaa, mtoto anayenyoosha mkono, mgonjwa anayeamka kutafuta choo, na wewe mwenyewe ukiwa na ndoo. Kikiwafaa hao, halafu kikawa kizuri, shukuru. Na hata rafiki, hata mwenzi wa maisha, usimpime kwa siku ambayo huna mzigo. Mtazame siku mikono yako imejaa, uone kama atakufungulia.

Mungu akujaalie nyumba yenye milango myepesi na watu wa kuingia na kutoka kwa heri. Sasa ukienda dukani, mwombe muuzaji akukazie kitasa kwenye ubao, beba kitu mikono yote miwili, ukifungue kwa kiwiko. Kisipofunguka, usikinunue.