Motokari ya Yaya Yenye Injini Mbili

Kaka yangu mkubwa, ambaye nyumbani tunamwita Yaya, ana garaji kule Shari, hapa kwetu Bunia, na kwa miaka mingi alikuwa mtu wa akili timamu. Alitengeneza jenereta, malori na pikipiki, na Jumapili alivaa koti akampeleka mama kanisani. Kisha mteja mmoja, mchimba dhahabu wa upande wa Mambasa, akamwonyesha video kwenye simu wakati akingojea gari lake. Tangu siku ile tukampoteza.

Video ilikuwa ya gari jipya la mbio huko Ulaya, lililolala chini kama chura, milango yake ikifunguka kwenda juu. Injini ya petroli, au esanse kama tunavyosema hapa, ilikaa nyuma ya dereva, na mota za umeme zilisaidia magurudumu ya mbele. Yaya aliitazama mpaka simu ya mgeni ikazimika.

"Esanse inasukuma, umeme inavuta, vyote pamoja!" akaniambia jioni, ugali ukipoa mbele yake. "Hapa Bunia esanse iko, jua iko. Tunakosa nini?"

"Barabara," nikamjibu.

Hakucheka. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na palepale akaniteua kuwa mhandisi wake mkuu, cheo ambacho hadi leo sijakiomba.

Uani kwake kulikuwa na gari dogo kuukuu ambalo mwenyewe alilikatia tamaa. Injini yake ilizungusha magurudumu ya mbele. Kule nyuma Yaya akafunga mota na betri za bajaji ya umeme ya mizigo, iliyokufa ikiwa bado changa. Kwa hiyo lile la Ulaya lilikuwa na petroli nyuma na umeme mbele, na letu likawa kinyume. Nilipomkumbusha, akasema wazungu nao wanaweza kukosea.

Akakata paa, akalishusha mwili, akaunga mabati kwa moto. Akalipaka buluu, kwa sababu ndiyo rangi iliyobaki baada ya kupaka geti la jirani. Milango ilifunguka kwenda juu kweli, ila ilishikiliwa na mti wa ufagio, na dereva alipaswa kuuondoa kabla ya kujifunga ndani.

Mama akaja kuona. Akalizunguka mara mbili, mikono kiunoni.

"Mutoto wangu, mutu anaingia mule namna gani?"

"Kwa kulala, mama."

"Sasa hii iko motokari ao kitanda?"

Majaribio tuliyafanya Jumapili asubuhi, watu wakiwa makanisani na lami ikiwa wazi. Mimi nilisimama kandokando na simu ya kupima muda. Dereva mmoja wa teksi-moto, zile pikipiki za abiria, akasimama kutucheka, kisha akaomba washindane. Yaya akalala ndani, nikauondoa mti, mlango ukaanguka kwa kishindo. Nikashusha mkono.

Nikiri jambo moja. Sikutegemea kuona nilichokiona. Mota ya umeme iliruka kwanza, kimya, kama paka, na injini ikafuata ikinguruma. Ile pikipiki ikabaki nyuma! Nilijikuta nikipiga vigelegele, mtu mzima, mwalimu. Kisha mbele kukatokea tuta la barabarani. Pikipiki ikapunguza mwendo, ikaruka, ikaenda zake. Gari la Yaya likapanda nusu, tumbo likakaa juu ya tuta, na magurudumu yote manne yakabaki yakizunguka hewani.

Wakati huohuo ibada ikaisha katika kanisa la jirani. Wanakwaya wakatoka na sare zao, wakalikuta gari la buluu limeatamia tuta, na ndani yake sauti ya mwanaume ikisema, "Fungueni mulango! Mutafute muti!" Wanaume wanane walilinyanyua na Yaya akiwa bado ndani. Mama, aliyekuwa katikati ya umati ule, alijifanya hamjui.

Wiki nzima Yaya alijifungia garajini. Mimi nilianza kujuta kicheko changu, kwa maana nilikuwa nimecheka sana. Siku ya nane nikamkuta anafunga springi ndefu na magurudumu makubwa zaidi. Gari likainuka, paa likarudi juu, milango ikarudi kufunguka kama ya watu wengine. Nikamuuliza kama hiyo bado ni motokari ya mbio.

"Mbio itakuja," akasema. "Kwanza ipite."

Mwezi uliofuata tulishuka nalo mpaka Tchomia, kando ya ziwa, kununua samaki wa kukausha, mama akiwa mbele, mimi nyuma. Tuliporudi, kwenye ule mlima mrefu unaopanda kutoka ziwani, malori yalikuwa yakitambaa yakitoa moshi, mengine yamesimama kabisa. Injini yetu ndogo nayo ikaanza kukohoa. Mama akafumba macho, akaanza kusali.

Yaya akabonyeza swichi. Nikasikia mota chini yangu ikivuma taratibu, na gari likapanda. Likapita lori la kwanza, likapita la pili. Madereva walisimama barabarani wakitukodolea macho. Kijasho kilikuwa kinamtiririka Yaya shingoni. Nikamgusa bega.

"Yaya, iko inapanda."

"Niko naona," akasema.

Tulifika juu, akasimamisha gari ili betri zipumzike. Mama akafungua macho, akatazama ziwa kule chini tulikotoka, akamsifu Mungu kwanza, kisha mwanawe. Yaya akashuka, akainama, akachungulia gurudumu moja baada ya lingine. Aliporudi alikuwa akitabasamu kama bwana harusi.

"Kupanda iko sawa kabisa," akasema. "Sasa inabakia tu nitengeneze breki."

Mimi na mama tukaangaliana, tukaukumbuka ule mteremko wote tulioushuka asubuhi.