Mkufunzi wa Mbinga aliyekataa kusaini mtihani wa ngolo

Saa moja asubuhi, ukungu bado umelala juu ya shamba la chuo kimoja cha kilimo, nje kidogo ya mji wa Mbinga. Bonifasia Kapinga, amevaa mabuti ya mpira, anapita nyuma ya wanachuo waliojipanga mtelemkoni na majembe yao. Kila mmoja ana kipande chake. Nyasi walizozilaza kwa miraba zimeshakauka. Kazi ya leo ni kuchimba udongo wa katikati na kuzifukia, ziwe matuta pande zote nne. Shimo linalobaki ndilo ngolo, na ndilo linalouzuia udongo wa milima hii ya Umatengo usikimbilie bondeni.

Kijana mmoja, Methodi, amesimama anautazama mpini. Bonifasia anamwuliza kulikoni. Anajibu kwa sauti ndogo kwamba kwao kazi hii ni ya dada zake.

"Dada zako hawapo kwenye mtihani," anamwambia. "Chimba, mwanangu."

Bonifasia anafundisha somo la udongo, na pia ndiye mratibu wa uthibiti ubora wa ndani. Kwa lugha nyepesi, ni mtu aliyewekwa na chuo kukitafutia makosa yake chenyewe kabla wakaguzi wa nje hawajayaona. Cheo hicho hakina posho, wala hakimwongezei mtu marafiki. Anakiri kwamba zipo siku akiingia chumba cha wakufunzi mazungumzo hukatika.

Mambo yalianzia Lundo, kijiji cha kando ya ziwa. Mwaka jana alishuka huko kuwafuatilia wahitimu, aone kama walichofundishwa kinawafaa. Akapokelewa na Asteria, mjane anayelima kwenye mlima ulio nyuma ya kijiji. Asteria alikuwa amempa Rodrick, kijana aliyetoka chuoni hapo, shamba lake la maharage ili awaonyeshe wanakijiji kilimo cha ngolo. Mvua kubwa ya kwanza ikafumua matuta. Maharage yakateremka na udongo wake.

"Alikuja na cheti, nikampa shamba," Asteria alimwambia. "Sasa mwalimu, mimi na wanangu tutakula cheti?"

Bonifasia anasema aibu ile haijamtoka hadi leo. Akamtafuta Rodrick, ulimi umeshanolewa kwa ajili ya kumgombeza. Kijana akamwamkia, akainamisha kichwa, akasema kweli yote.

"Mwalimu, nyasi nililaza vizuri. Kuchimba ndiyo sikuwahi. Chuoni walichimba wasichana, akina Jacqueline."

Mtihani wa vitendo ulikuwa unafanywa kwa vikundi. Kwa desturi ya Umatengo, wanaume hufyeka na kulaza nyasi, wanawake huchimba. Wanachuo waligawana kazi kama walivyoona kwa wazazi wao, wakapewa alama za pamoja, wakafaulu wote. Wavulana wakaondoka hawajui kuchimba, wasichana hawajui kulaza. Hakuna aliyedanganya. Wakufunzi nao wamelelewa katika nyumba hizohizo, na nyani haoni kundule. Bonifasia mwenyewe alikuwa ameusimamia mtihani huo miaka kadhaa asione kitu.

Aliporudi alipendekeza kila mwanachuo apimwe peke yake, tangu kufyeka hadi kuchimba. Akaambiwa litajadiliwa. Likajadiliwa hadi likasahaulika, na msimu huu mtihani ukafanywa vilevile. Matokeo yalipofika mezani kwake ayasaini, aliyarudisha.

Chuo kizima kikachemka. Mkuu wa chuo, ambaye siku hizi anamsifu, alimwuliza kama anataka mahafali yaahirishwe, na wazazi walioshajiandaa waambiwe nini. Mzee Othmar, mkufunzi aliyemfundisha Bonifasia mwenyewe, akamfuata ofisini. Aliitikia shikamoo yake, akaketi, kisha akasema lililokuwa likimkera.

"Mwanangu, ngolo tumerithi kwa mababu. Unataka wageni waseme Wamatengo hawajui ngolo?"

"Baba, mjane wa Lundo ameshasema," alimjibu. "Mimi nataka sisi tusikie."

Kwenye kikao wengi walitaka marekebisho yaanze mwakani. Bonifasia alisimama akawakumbusha kwamba mficha uchi hazai, kisha akasema anayeziamini alama zile asaini yeye. Kalamu ikabaki mezani. Mahafali yakaahirishwa na mtihani ukapangwa urudiwe, ndio huu wa leo, ila mkuu alimwonya kwamba wakifeli wengi lawama zote ni zake. Alikubali, ingawa anasema tangu siku hiyo usingizi wake si wa kutegemea.

Jua linapopanda, viganja vimeshatoka malengelenge. Gaudiosa, anayeongoza darasa, ameambiwa alaze nyasi zake upya maana miraba imepinda kama njia ya mbuzi. Methodi ameshapata shimo moja na sasa anajipongeza. Mzee Othmar naye amekuja kusahihisha, na ajabu ni kwamba leo hakuna mkali kumshinda.

Mwisho wa mstari yuko mtu ambaye jina lake halimo kwenye mtihani huu. Rodrick amepanda kutoka Lundo kwa hiari yake, akaomba kipande. Cheti chake hakuna anayemnyang'anya. Tuta lake la kwanza limebomoka, analijenga tena.

Bonifasia ana mpango mwingine, na wenzake wameshaanza kuguna. Anataka kuanzia mwakani ngolo za mtihani ziachwe zinyeshewe, alama zitolewe baadaye. Kikao bado hakijaamua. "Mvua haimwonei mtu haya," anasema. "Sisi tunaoneana."

Kuhusu Asteria, anasimulia kwamba amekubali kutoa shamba tena, kwa sharti moja: safari hii cheti kibaki nyumbani, anataka kumwona Rodrick akichimba mbele yake.

Anasogea hadi kwa Rodrick, anaweka buti juu ya tuta jipya na kulikandamiza kwa uzito wake wote. Tuta linakaa. Kijana anainua uso, anangoja sifa.

"Chimba lingine," Bonifasia anamwambia.