Mpira Ulionyooka na Ng'ombe wa Mama

Jumamosi nilisimama kando ya uwanja wa gofu hapa Eldoret nikimtazama mwalimu mmoja mstaafu akihangaika. Kila alipopiga, mpira ulianza vizuri, kisha ukapinda kulia na kuruka seng'enge hadi shamba la jirani.

"Unainua kichwa mapema, Mzee," rafiki yake akamwambia. "Bega linafunguka, fimbo inaukata mpira kando. Angalia chini mpaka umalize."

"Nitaangalia chini aje, na ng'ombe ya Mama iko pale?"

Kweli ng'ombe alikuwepo, mwenye mimba kubwa, akila nyasi karibu na seng'enge. Mwenye ng'ombe, mama mwenye gambuti miguuni na leso kichwani, akaita kutoka ng'ambo: "Mzee, wewe piga tu! Kichwa chini! Mimi ndio nitaangalia mpira imeenda wapi."

Mzee akalegeza vidole, akavuta pumzi, akapiga. Kichwa hakikuinuka. Tulisikia mlio mtamu, kisha kimya.

"Mama, imeenda wapi?"

Mama akamzunguka ng'ombe, akachungulia kwenye mahindi, akashika kiuno. "Hata sijui, Mzee! Huku kwangu haijafika."

"Basi imenyooka!" Mzee akarusha kofia juu na kumkumbatia rafiki yake. Tuliutafuta mpira ule, hatukuuona tena.

Ndivyo tulivyo. Mtu akishazoeleka kwa kukosea, siku ya kupatia hana shahidi. Msiniulize mpira ulienda wapi; hata mimi nilikuwa nikimtazama ng'ombe.