Mama Gramu na Sifuri Iliyomponyoka Daktari

Hospitalini walimwita Mama Gramu, naye hakuchukia. Kwa miaka ishirini na mbili alitengeneza dawa za watoto wachanga katika chumba chembamba nyuma ya dirisha la dawa, feni imezimwa hata kwenye joto kali, maana upepo huidanganya mizani. Wenzake walimtania kwamba hata chumvi ya mboga huipima. Wapi! Nyumbani alitia kwa mkono tu, na mumewe kila siku alilalamika imezidi.

Asubuhi moja bibi mmoja alifika dirishani na mjukuu wa wiki sita kifuani, akatoa karatasi. Dawa ya moyo, miligramu 0.25, yaani robo, kwa siku. Hicho ni kidonge kimoja kizima, kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini Mama Gramu hakuziamini nukta. Kila kipimo alikigeuza kwanza kuwa mikrogramu, ambazo elfu moja ndizo miligramu moja. Akapata mia mbili na hamsini. Akamtazama mtoto, akamwomba bibi asubiri aende kwa daktari. Bibi akanuna, akasema foleni imeshamvunja mgongo.

Daktari alikuwa kijana, na watu walifurika mlangoni kwake. Akasema dawa ni sahihi, asiwe na wasiwasi.

"Dawa sibishani nayo, daktari. Mtoto ana kilo ngapi?"

"Tatu."

"Basi kidonge hiki ni cha baba yake."

Daktari akaisoma karatasi upya. Sifuri moja ilimponyoka baada ya nukta. Alikusudia 0.025, yaani mikrogramu ishirini na tano. Akaandika tena, safari hii kwa maneno, huku akiomba radhi. Mama Gramu hakumwongezea neno. Mtu akishajuta, kumsema ni kumwonea.

Akarudi chumbani, akakisaga kidonge, akakichanganya na sukari ya maziwa, ya kuongeza uzito tu, hadi gramu moja kamili, akaugawa unga katika vipakiti kumi vya miligramu mia mia, pumzi ameibana.

Bibi akafungua kipakiti kimoja. "Mwanangu, hiki kitamsaidia nini? Hakijai hata ukucha."

"Na dawa yenyewe humo ni kidogo zaidi, mama. Inamtosha."

Bibi hakuridhika sana, ila alirudi kila baada ya siku kumi kuchukua vingine. Mjukuu alipofikisha miezi mitano, alimkalisha kwenye kizingiti cha dirisha ili apumzishe mikono. Mtoto alikuwa na kilo sita na ushee, ikabidi hesabu ya dawa yake ifanywe upya.