Kinywa ya Mama Mukwe

Mimi Malika sijui kunyamaza, na leo sitaanza. Florentine na mimi tumeuza pamoja ku soko miaka kumi na moja, meza kwa meza, mimi muchele, yeye samaki ya kukausha ya ndugu zake wa Isangi. Alikuwa mutu mukali. Muteja akishika samaki mara mbili bila kununua, anamufukuza. Mume alipokufa, kwa samaki hiyo alimusomesha mutoto wake mumoja, Déborah, akamuozesha kwa heshima.

Halafu moto, pikipiki ya kubeba watu, ikamuangusha kwa njia ya Bangboka, na meno ine ya mbele ikabaki kule barabarani. Toka pale, miaka tatu nzima, anasema na kitenge kwa kinywa. Kwaya ya kanisa aliacha. Wateja walianza kumuonea, wanamukatia bei na yeye anakubali tu ili waondoke. Aliniambia wazi: "Malika, ninataka meno kuliko ninavyotaka nyumba."

Ndipo akatufikia Patrice, anasomea udaktari ya meno, shati nyeupe, sauti ya kubembeleza. Alileta karatasi ya maulizo ishirini iliyotoka Ulaya, ya kupima kama mutu anafurahia sura ya meno yake. Bon, alisema wameiandika kwa Swahili, sasa wanaijaribu kwa watu wa hapa, waone kama inafaa. Kwa kila ulizo unachagua sufuri, moja, mbili, tatu ao ine: sufuri maana yake umechukia meno yako, ine maana yake umeridhika kabisa. Watu kumi wenye hesabu ya chini watatiwa meno mapya bure.

Inafaa wapi. Ulizo moja inasema: ukicheka, unafunika kinywa? Hapa mwanamuke mwenye adabu anafunika hata kama meno yake iko yote. Ingine inasema: mwanya wa meno ya mbele unakusumbua? Mimi niko na mwanya, na ndio ulioniletea mume. Nilimuambia Patrice, akanichekea vile watu wanachekea mutoto.

Lakini ujinga wenyewe ulikuwa huu. Kwa kuandika majibu alichukua Merdi, kijana wa avenue yetu, juu anajua kila nyumba. Merdi ndiye mume wa Déborah. Kwa watu wa Florentine, mukwe, bokilo, ni mutu wa kuogopa: mama mukwe hakuli mbele yake, hamuonyeshi ndani ya kinywa, hamutajii shida ya mwili wake. Merdi anajua hiyo tangu utoto. Angemuambia Patrice, huyu umuulize wewe. Lakini hakutaka kupoteza kazi ya siku, akakaa pale kwa meza ya samaki, akafungua kalamu yake ya Bic.

"Mama, unafurahia meno yako ya mbele?" anauliza huku anaangalia chini.

"Tunashukuru Mungu, papa," Florentine anajibu ndani ya kitenge, anamuita papa kwa heshima ya mukwe.

Merdi anaandika ine.

"Unaona haya mbele ya watu?"

"Hapana, papa. Mungu anatulinda."

Ine tena. Maulizo ishirini, ine mara ishirini. Nilimukanyaga Florentine muguu chini ya meza, akanitolea macho.

Liste ya wale watu kumi ilipotoka, jina yake haikuwa ndani. Akalia nyuma ya magunia yangu ya muchele. Nilimuambia, "Mficha uchi hazai. Twende." Akakataa. Akasema aibu moja inamutosha. Nikamushika mukono, nikamuvuta mpaka ofisi yao, upande wa Simi-Simi.

Tulimukuta Patrice na Merdi wanapanga karatasi.

"Mama ameridhika asilimia mia," Patrice akasema. "Donc siwezi kugeuza. Karatasi yake ndiyo safi kuliko zote."

Nikamuambia yeye ni mupumbavu aliyesoma. Amuulize tena, na huyu kijana atoke inje kwanza. Patrice akasema karatasi zinaondoka leo. Merdi alinisikia vizuri na hakusimama, juu kusimama ni kukubali kwamba alikosa. Nilimuchukia pale, na ninamuchukia mpaka sasa.

Florentine akatoa kitenge. Akafungua kinywa yote, ufizi wazi, mbele ya mukwe wake.

"Tazameni. Ninaichukia. Watu wananicheka, wateja wananidharau, kanisani siimbi. Patrice, andika sufuri."

Patrice akaandika, akatia jina yake ku liste. Merdi akatoka bila kuaga.

Meno alipata kwa mwezi wa saba, ine, nyeupe, nzuri kweli. Lakini Merdi alisema mama mukwe amemuvua nguo mbele ya watu, na Déborah asikanyage tena kwa mama yake. Nilienda kumutukana ku mulango wake, akanifungia. Florentine akatuma mbuzi ya kuomba musamaha, kama desturi inavyotaka, na mbuzi ikarudishwa siku ileile. Mujukuu wake wa kwanza akazaliwa. Tulipata habari kwa mwanamuke anayeuza sabuni.

Nikaanza tena kumulaani Merdi, ukoo wake wote. Florentine alikuwa anapanga samaki.

"Nyamaza, Malika," akasema. "Nilikuambia sitaki kwenda. Ni wewe ulinivuta."

Kesho yake alihamisha meza yake ngambo ingine ya soko. Kinywa yake iko wazi siku hizi, anacheka sana na wateja. Ninamusikia toka hapa.