Sahani Aliyonitengea

Nilimpasua rafiki yangu jicho. Nianze hapo hapo, maana kila nikijaribu kuanza kwingine najikuta nimeshaanza kujitetea. Ni jicho la kushoto, la mtu aliyekuwa akinipikia nilipokuwa mgonjwa. Polisi hawajajua hadi leo. Jina langu silitaji, na la kwake silo nitakalotumia; hapa nitamwita Athmani.

Mimi ni mtu wa Mombasa, nimepita miaka arubaini, na sijawahi kukaa mji mmoja miaka mitatu. Nilitoka kwetu nikaenda Uarabuni, nikaja Amerika, nikakata miti na nyasi kwenye majimbo ya kaskazini mashariki, halafu baridi ikanifukuza hadi Texas. Kila nilipofika niliusifu mji niliouacha. Mwishoni mwa miaka ya tisini nikaangukia Richardson, pembeni mwa Dallas, nikapata chumba kwenye apatimenti ya Athmani, mtu wa kwetu, dereva wa teksi ya uwanja wa ndege.

Tuliishi kama watoto wa mama mmoja. Tulipika kwa zamu na tulikula sinia moja.

Kisha nikaugua. Magoti yalivimba, kichwa kiliuma wiki nzima, upande mmoja wa uso ukalegea. Daktari akanipima damu, akasema ni ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe, na huenda niliupata kule nilikokata miti. Akaniandikia vidonge vya antibiotiki.

Athmani alicheka hadi akakaa chini. "Yakhe, malaria ya kwetu haikukuweza, uje uangushwe na kupe wa Mzungu? Kupe ni wa ng'ombe. Kwani wewe ng'ombe?"

Lakini ile karatasi ya duka la dawa aliisoma yeye kuliko mimi. Ilisema vidonge visiende pamoja na maziwa. Basi akaanza kunipikia mbali. Yeye alikula mchuzi wa mtindi na kunywa chai ya maziwa, mimi nikapewa supu ya kuku na chai ya rangi.

"Hii yako," alikuwa akisema akiniwekea sahani. "Ya kwangu usiiguse."

Kwetu anayetengewa sahani ni mtu anayeogopwa ugonjwa wake. Sababu niliijua, alinieleza mara mbili, na bado ilinichoma. Nilikula nikiitazama sahani yake.

Sasa nieleze ujinga wangu mwenyewe. Ijumaa moja, baada ya swala, jamaa mmoja anayekaa DeSoto aliniambia, "Hivyo vidonge vinakula ini, bwana. Lioshe." Akanielekeza duka la mitishamba. Nikanunua chupa ya dawa ya ini, vidonge vya unga wa majani, ina picha ya ua la zambarau lenye miiba. Nilipoifungua nikasikia harufu chungu, nikamkumbuka bibi yangu na mwarobaini wake aliokuwa akitunywesha tukiwa tumejipanga ukutani. Miaka mingi nilikuwa sijanusa kitu cha kwetu. Nilikaa kitandani nikiinusa ile chupa kama mjinga. Haikuwa hata ya kwetu.

Daktari sikumwambia. Athmani sikumwambia, nikijua atanicheka. Chupa ilisema dawa inywewe na chakula, kwa hiyo nilimeza chumbani kwangu, kisha nikaenda mezani.

Siku za kwanza ulimi uliwasha. Baadaye mabaka yakatoka kifuani, midomo ikajaa, tumbo likakata. Daima baada ya kula. Nikala chakula cha Athmani, nikaumwa. Athmani akala cha kwake, yuko mzima, anapiga mluzi.

Nikaanza kujiambia kwamba ananitilia kitu.

Na shetani hakosi ushahidi. Athmani alikuwa amechumbia msichana, akizungumzia kumleta mke. Nikasema, ahaa, kumbe anakitaka chumba. Siku moja nikamjaribu. "Leo tubadilishane sahani."

"Ili dawa zako zisifanye kazi?" akasema, na akaivuta sahani yake upande wa pili wa meza. "Kula, bwana, wacha kununa kama bibi harusi."

Kwangu ile ikawa hukumu. Na kwa kuwa nilijiona nimelishwa sumu, nikaongeza ile dawa ya ini ili kuitoa. Viwili vikawa vitatu, vitatu vikawa vinne. Nilikuwa nikijiua kwa mkono wangu huku nikimtafuta muuaji jikoni.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya adhuhuri. Athmani alikuwa akichoma chapati. Nilimeza vinne, nikatia chupa mfukoni mwa shati, nikakaa. Nilipiga vijiko vitatu vya supu. Midomo ikafura. Kitu kikanikaba kooni, kama mtu ananibana kwa vidole.

"Umenitilia nini?"

"Chumvi na ndimu," akasema bila kugeuka. "Kwani imezidi?"

Nikakishika kile chuma cha chapati kwa mpini wake, chapati ikiwa juu yake, kikiwa cha moto. Pigo la kwanza lilimpata begani. Alipogeuka, la pili likampata usoni, na niliusikia mfupa. Nyama yake iliungua, na harufu ile ninayo hadi leo. Alianguka kati ya jiko na ukuta. Nikampiga tena. Alijikinga kwa mikono, nikampiga mikono. Nikampiga mateke ya mbavu, nikimwita muuaji, kwa sauti ambayo haikuwa ikitoka vizuri.

Yeye hakunitukana. Alikuwa akisema jambo moja tu: "Ni mimi, yakhe. Ni mimi."

Alidhani sikumtambua. Hakuweza kufikiria kwamba namjua na bado nampiga.

Kisha pumzi yangu ikafunga kabisa. Nikaangukia juu yake.

Yaliyofuata niliambiwa hospitali. Athmani alinisukuma akatoka chini yangu, akatambaa hadi kwenye simu, damu ikimtiririka, akaita gari la wagonjwa. Hakusema kwamba kuna mtu ameshambuliwa. Alisema, "Rafiki yangu hapumui." Chupa iliyoanguka kutoka mfukoni mwangu aliiokota akawapa wale watu wa gari, akawaambia, "Hii siijui. Labda ni hii."

Ilikuwa ni hiyo. Daktari aliyenipa vidonge alikuja kuniona, akanieleza kwamba lile ua la miiba ni la ukoo mmoja na magugu yaliyokuwa yakinipigisha chafya kila msimu wa vuli huku Texas. Wengi hulimeza wasidhurike. Mimi mwili wangu ulilia wiki tatu kwamba haulitaki, nami nikauongezea. "Kwa nini hukuniambia unatumia kitu kingine?" akauliza.

Nikauliza Athmani yuko wapi. Yuko ghorofa ya juu, nikaambiwa, anashonwa. Kasema aliteleza na kikaango mkononi.

Nililia hadi muuguzi akadhani nimezidiwa.

Jicho halikupona, na teksi hakuendesha tena. Nilipotoka hospitali apatimenti ilikuwa tupu upande wake. Alikuwa amekwenda Katy, karibu na Houston, kwa dada yake. Uchumba ulivunjika. Kwa nini, sikuambiwa, na sikustahili kuuliza.

Nilikaa miezi mitano kabla ya kupata uso wa kwenda. Dada yake alifungua mlango akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Ndiye wewe? Nilidhani utakuwa mkubwa zaidi." Akamwita nduguye, akasimama pale pale, mikono kifuani.

Athmani alitoka. Sikujua nianze na neno gani, basi nikanyoosha mkono nimpe salamu.

Akaruka nyuma, akafunika uso kwa mikono miwili.

Tulisimama hivyo, watu wazima wawili, mchana mweupe. Alipoishusha mikono alikuwa na haya, kana kwamba mkosa ni yeye. "Nimekusamehe tangu hospitali," akasema. "Wallahi nimekusamehe. Lakini usije tena. Moyo umesamehe, mwili haujui."

Sikwenda tena.

Wewe unayesoma, kama unatibiwa, mtajie daktari kila unachomeza, hata kama ni jani, hata kama kinanukia kwenu. Mwili ukikataa kitu, acha, uulize. Na ukimshuku anayekupikia, mwambie usoni kinachokuuma kabla hujashika chochote mkononi. Sumu yangu mimi ilinitoka kwa siku tatu, kwa sindano na maji. Ile niliyomtia Athmani haina dawa, na pale alipo, mtu akinyanyua mkono ghafla, anajikinga.