Shati la Ticha

Kila Alhamisi saa nne asubuhi, fundi cherehani alifunga kibanda chake akaenda kupanga foleni kwenye lango la kituo cha kuzuilia wahamiaji. Hakuwa na ndugu mle ndani. Alikuwa mmoja wa wanaojitolea kuwatembelea wasio na wa kuwatembelea, na masharti yao yalikuwa mafupi: usiulize kesi, usiahidi kitu, usipeleke zawadi. Kwa mwanamke asiye na breki mdomoni, hilo la kwanza lilimtesa kweli.

Langoni alivishwa kitambulisho kilichoandikwa MGENI. Mzuiliwa aliyepangiwa amtembelee, mwalimu wa hesabu ambaye wote mle walimwita Ticha, alikiona siku ya kwanza tu akacheka.

"Mama, wewe mgeni, na mimi nimezuiliwa kwa ugeni. Sasa mwenyeji nani?"

"Si huyo mwenye funguo!" alijibu fundi, na askari mlangoni akashindwa kujizuia kucheka.

Miezi kumi na mmoja walipiga soga, meza katikati. Kilichomkera fundi ni shati alilopewa Ticha, pana kama pazia, mikono imekunjwa mara tatu. Kumgusa ilikuwa marufuku, basi akampima kwa macho, akaenda kukata kitambaa cha buluu. Siku akitoka, asitoke na lile pazia. Ticha alijua, na kila wiki aliuliza shati limefika wapi.

Alijua pia habari za mwana pekee wa fundi, aliyevuka mipaka miaka tisa nyuma, akapiga simu mara moja, kisha kimya. Fundi alimkumbuka mpaka mwili ukamuuma. Alitamani tu kujua kama huko aliko kuna mtu wa kukaa naye mezani, japo Alhamisi moja.

Ticha aliachiwa Jumatatu mchana. Fundi alipata habari, akamkuta nje ya lango na mfuko wake wa plastiki, akamkabidhi shati hata kabla ya salamu. Ticha akalivaa palepale juu ya fulana. Mabega yalibana. Mikono iliishia nusu. Vifungo vya kifuani havikufikia matundu.

Miaka arobaini kazini, fundi hajawahi kukosea hivyo. Alilitazama lile shati. Mikono yake ilikuwa imekata kipimo inachokijua bila daftari: cha kijana mwembamba wa miaka ishirini, siku aliyoaga.

"Nisamehe, baba. Macho yamezeeka."

Ticha alilivua taratibu, akalikunja, akamrudishia. "Macho hayana neno, mama. Hili lina mwenyewe. Mtunzie."

Fundi alilia bila kujificha, watu wakipita. Ticha akangoja. Kisha akasogea, akanyoosha mikono pembeni kama mtoto anayepimiwa sare ya shule.

"Haya, nipime na mimi. Leo hakuna meza."

Futi ilikuwa mkobani, kama siku zote. Fundi akamshika mabega.

"Simama wima," alimwambia, akaanza kutaja namba, na Ticha akawa anazirudia moja moja zisije zikasahaulika.